Simu ya Kibondo Hainong'oni

Bwana Dadi, mtunza ghala wa Kasulu, alikuwa ameshaapa mara tatu kabla ya kuulizwa swali la pili. Sajini Melkiadi hakuwahi kumwamini mtu anayekimbilia kuapa.

"Wallahi, afande, simu ilitoka Kibondo! Bomani! Nikaambiwa litakuja lori, nipakie mahindi yote ya msaada, kule watu wanalala njaa. Lori likaja, nikapakia. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni kwamba Kibondo hawajaona hata punje."

Dadi akavua kofia, akajifuta nayo uso, akaivaa tena. Nyuma yake ghala lilikuwa wazi, limebaki vumbi na harufu ya magunia. Mwaka ule mvua iliwatupa wakulima, na mahindi ya njano yaliyoletwa na serikali ndiyo yaliyokuwa tegemeo la watu mpaka mavuno. Sasa hayapo, na lori halijulikani lilikoishia.

"Aliyepiga alijitaja jina?"

"Alisema, 'Hapa bomani.' Mtu akisema hapa bomani, nani atamuuliza jina? Ila ulimi wake, afande, ulikuwa wa ng'ambo. Lafudhi ya Kirundi tupu. Ndipo nikasema, hapana, huyu ni yule mkimbizi anayeunganisha simu kwenye switibodi, Ndihokubwayo. Kibondo simu haina mtu mwingine."

Kwa maneno hayo tu, Venanti Ndihokubwayo alikuwa mahabusu Kibondo. Wakubwa walikuwa wameshakata shauri: mkimbizi akiiba chakula cha wenyeji, hifadhi yake imekwisha. Kesho gari lingempeleka Mabamba, avushwe mpaka, arudi alikotoka. Na alikotoka, kaka zake wawili walichukuliwa katika mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, hawakuonekana tena hata nguo zao. Melkiadi alitumwa kutoka Kigoma kukamilisha maelezo tu, si kuuliza maswali. Lakini kwake kuuliza maswali kulikuwa ugonjwa.

"Ulimsikia vizuri?"

"Vizuri mno. Kama mimi na wewe hapa. Alisema taratibu, kwa adabu zake."

Nje ya mlango mtu akaangua kicheko. Alikuwa Mwajabu, mama muuza vitumbua, ambaye kikaango chake kilikaa ubavuni mwa ghala tangu ghala lilipojengwa.

"Adabu? Simu ya Kibondo? Mwanangu, hebu nisikilize mimi. Simu ya Kibondo ikiingia hapa, soko zima tunaipokea. Mwenye kuongea anapiga mayowe mpaka mishipa inamtoka. Juzi bwana shamba kapata mtoto huko Kibondo, sisi tulijua ni wa kiume kabla baba mwenyewe hajashusha mkono wa simu. Lakini siku ile Bwana Dadi alikuwa ananong'ona kama anaongea na hawara!"

"Mama Mwajabu, nakuomba!" Dadi akang'aka.

"Unaniomba nini? Nimesema uongo?"

Melkiadi akanunua vitumbua viwili, akavila akiwa amesimama, akimtazama Dadi. Mtunza ghala hakujua aweke wapi mikono. Ama hakukuwa na simu yoyote, na mtu huyu amejitungia hadithi, ama simu ilikuwepo lakini haikutoka Kibondo. Melkiadi aliwahi kufanya kazi kwenye mitambo ya mawasiliano ya polisi kabla ya kuhamia upelelezi, na jambo hili lilimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

Posta ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwamvua, binti wa switibodi, alikuwa ameketi mbele ya ubao wake, ushungi begani, vifaa vya kusikilizia kichwani. Alipomwona askari alisimama haraka, karibu aangushe kiti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Simu ya ghalani uliiunganisha wewe?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Ilitoka simu ipi ya hapa mjini?"

"Si ya mjini. Ya Kibondo." Akaonyesha safu ya vifuniko vidogo vya shaba kwenye ubao, kila kimoja na jina lake chini: Boma, Polisi, Hospitali, Misheni, Ghala. Kimoja kilikaa peke yake pembeni: Kibondo. "Mtu akizungusha mpini wa simu yake, kifuniko chake hapa kinaanguka. Siku ile kilianguka hiki."

"Una hakika?"

"Nimekiona kwa macho yangu, afande. Naapa."

Huyu naye anaapa, Melkiadi akawaza. "Nitafutie Kibondo. Nataka polisi."

Mwamvua akachomeka, akazungusha, akasubiri, akazungusha tena. Hatimaye akampa mkono wa simu. Ndani yake waya ulivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, na mbali, mbali sana, kulikuwa na mtu.

"HALO!" Melkiadi akapaza sauti. "KOPLO ABDALAH?"

"...dalah hapa... nani?"

"SAJINI MELKIADI! MTU WENU YUPO?"

"...po... kesho gari la Maba..."

"MSIMTOE! NASEMA MSIMTOE MPAKA NIJE! NAKUJA LEO! NATAKA ANIELEZE HABARI ZA ILE SIMU!"

Alirudia mara nne ndipo Abdalah akaelewa. Aliporudisha mkono wa simu koo lilikuwa linamuuma, na dirishani walikuwa wamesimama wateja wawili wa stempu, mwenye baiskeli mmoja, na mama aliyekuja kusikiliza tu, bila kuficha. Melkiadi akawatazama kwa hasira. Mwajabu alikuwa amesema kweli tupu.

Akamgeukia Mwamvua. "Umesikia nilivyopiga kelele? Bwana Dadi hakupiga. Sasa nieleze, binti, kifuniko cha Kibondo kiliangukaje na sauti ikawa ya hapa hapa?"

Mwamvua akaivuta ncha ya ushungi wake. "Sijui, afande. Mimi naunganisha tu."

"Ukificha mtu, utafungwa badala yake."

Akaanza kulia. Melkiadi hakumbembeleza. Wanaosema kweli hulia na wanaosema uongo hulia, na machozi yote ni maji.

Alipotoka alimkuta mwanamume mrefu ameegemea Landrova yake, mkanda mpana wa ngozi kiunoni, vyuma vya kupandia nguzo vikining'inia begani. Alikuwa fundi wa laini za simu, Pasikali, Muha wa Makere, ambaye mji mzima ulimjua kwa vichekesho vyake.

"Afande, nimesikia unakwenda Kibondo. Hata viziwi wamesikia! Nisaidie lifti. Umesikia laini yenyewe ilivyochoka, sivyo? Kuna nguzo huko mbele nataka kuzitazama."

"Panda."

Wakaondoka. Vumbi jekundu liliingia kila tundu la gari. Pasikali aliongea tangu Kasulu mpaka Makere, na kutoka Makere akaendelea. Alimsifu Ndihokubwayo: ndiye yeye Pasikali aliyemtafutia ile kazi, kwa vile mwenzake alijua switibodi tangu ng'ambo. Ndiye aliyemsimamia mtoto wake wa mwisho ubatizo. Na tangu mke wa Ndihokubwayo, Epifania, alazwe hospitali, watoto wao watatu walikuwa wanalala nyumbani kwake, kwa Pasikali.

"Inaniuma, afande. Lakini shida humfundisha mtu wizi."

"Unaamini ameiba?"

"Mimi nani? Ila..." Pasikali akageuka kutazama dirishani. "Yule binti wa posta msimwache hivi hivi. Siku hizi anavaa viatu vipya. Mshahara wa posta tunaujua wote."

Melkiadi alikuwa ameviona viatu vile. Vilikuwa vipya kweli. Akaendesha kimya mpaka wakapita daraja, ndipo akauliza, kama mtu anayeua muda tu:

"Hivi kwa nini simu za mjini zinasikika vizuri, na Kibondo tunauana kwa makelele?"

Fundi hakosi kuisifia kazi yake. Pasikali akaelekeza kidole kwenye waya mbili zilizokimbia kandokando ya barabara, zikipumzika juu ya vikombe vyeupe vya kauri. "Hizi ni chuma, afande. Chuma kitupu, uchi, hakina nguo. Zinapigwa na upepo, ndege wanakaa, majani yanagusa. Sauti inachoka njiani kama mtu mwenye mzigo. Mjini ni shaba, nyembamba, kila waya umeviringishiwa karatasi, halafu mbili mbili zimesokotwa pamoja kama nywele za binti, ili maneno ya huyu yasiingie kwa yule. Zote zinavalishwa koti la madini ya risasi, maji yasiingie. Humo hata ukipumua unasikika."

"Kwa hiyo Kibondo haiwezi kusikika vizuri hata siku moja?"

Pasikali alisita. Ilikuwa kidogo tu, lakini mtu aliyeongea bila kituo tangu asubuhi, akisita, anasikika.

"Inaweza. Hewa ikikauka. Siku nyingine Kibondo inasikika kama iko jikoni kwako."

Melkiadi akaitikia kwa kichwa na kukaza macho barabarani. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Majani yalikuwa yamekauka, visima vimekauka, hata mbwa wa njiani walikuwa wamekauka, na asubuhi ile ile yeye mwenyewe amepiga mayowe mpaka koo likawasha. Chuma hakigeuki shaba kwa sababu ya jua. Fundi analijua hilo kuliko mtu yeyote. Sasa kwa nini fundi aseme uongo juu ya kazi yake mwenyewe?

Mahali ambapo barabara inapinda kuingia Kibondo, kwenye mikaratusi, Pasikali akaomba kushuka. Akachukua vyuma vyake na mfuko mzito wa turubai.

"Nguzo hizi zinanisumbua. Tutaonana mjini, afande. Mpe pole ndugu yangu. Mwambie wanawe wako salama."

Kituo cha polisi cha Kibondo na chumba cha switibodi vilitenganishwa na ukuta mmoja wenye mlango. Tangu Ndihokubwayo afungiwe, Koplo Abdalah ndiye aliyelazimika kuangalia ule ubao, naye aliuangalia kwa wasiwasi wa mwanamume aliyeachiwa mtoto mchanga.

"Afadhali umekuja," alisema. "Kitu hiki kinalia, sijui nichomeke wapi."

Ndihokubwayo aliletwa bila viatu. Alikuwa mtu mdogo, mwenye mashavu yaliyobonyea, na aliketi ukingoni mwa benchi.

"Mwiriwe, nyakubahwa," alisalimu kwa Kirundi chake, kisha akakumbuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Siku ya ile simu ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa."

"Ulipiga Kasulu?"

"Nilijaribu. Daktari alitaka kuuliza dawa. Nilizungusha, kimya. Nikazungusha tena, kimya. Ukiweka sikio, waya wa Kasulu unavuma siku zote, hata hakuna mtu. Siku hiyo haukuvuma. Ulikuwa umekufa. Kisha baadaye ukavuma tena."

"Wenyewe?"

"Wenyewe. Hakuna aliyekuja kutengeneza. Nimewaambia hawa, wakasema ninajitetea."

Abdalah akakohoa, akatazama dari.

Melkiadi akasimama, akaenda dirishani. Yaliyokuwa yamemkera tangu asubuhi yakaanza kukaa mahali pake, moja baada ya jingine. Kifuniko cha Kibondo kilianguka kweli: Mwamvua hakusema uongo. Sauti ilikuwa ya karibu kweli: Dadi naye, pamoja na viapo vyake vyote, hakusema uongo. Mtu alipanda nguzo ya laini ya Kibondo nje kidogo tu ya Kasulu. Akaufungua waya unaokuja huku, akaibana simu yake ndogo ya fundi kwenye waya unaokwenda mjini, akazungusha mpini, akaongea kwa kuiga lafudhi ya Kirundi. Kwa Mwamvua ikawa ni Kibondo inayoita. Kwa Ndihokubwayo ikawa ni waya uliokufa. Alipomaliza akauunga waya kama ulivyokuwa, akashuka.

"Nani ana simu ya kubana kwenye waya wa nguzo?" akauliza bila kugeuka.

Ndihokubwayo ndiye aliyejibu. "Mafundi."

"Kasulu kuna mafundi wangapi?"

"Afande, mimi katika nchi hii nina ndugu mmoja tu." Alisema hivyo akitazama sakafu. "Wanangu wanakula kwake. Mke wangu yuko hospitali. Kesho nikivushwa, watoto watabaki mikononi mwake. Usinitake nimseme mtu."

Kengele ya switibodi ikalia. Abdalah akakimbia chumba cha pili. Walimsikia akichomeka, akichomoa, akilaani, akichomeka tena. Kisha akasema, "Ndiyo, mkubwa. Ndiyo, mkubwa." Alirudi uso umembadilika.

"Mkuu wa polisi, kutoka Kasulu. Anasema mtu huyu asisubiri kesho. Apandishwe gari sasa hivi, apelekwe Mabamba, hata wewe usimzuie. Yuko kwenye simu, anasubiri nimwambie tayari."

Ndihokubwayo akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Alipiga kelele?" Melkiadi akauliza.

"Nani, mkubwa? Hapana. Alisema taratibu tu." Kinywa cha Abdalah kikabaki wazi. "Lo!"

"Rudi ukamwambie unatafuta ufunguo. Mwambie umepotea. Mwambie dereva amekwenda kula. Mwongopee mpaka mate yakukauke, lakini asikate simu."

Kisha akamshika Ndihokubwayo mkono, akampeleka kwenye ubao, akampa kifaa cha pili cha kusikilizia. "Wewe unajua waya. Sikiliza uniambie anapigia wapi."

Ndihokubwayo akaweka sikio. Abdalah alikuwa anajieleza habari za ufunguo, na upande wa pili ukamjibu kwa ukali wa kikubwa. Machozi yakamtoka Ndihokubwayo bila sauti. Yakateremka, na hakuyafuta.

"Ni hapa karibu," alisema. "Kasulu haiko nyuma yake. Waya hauvumi."

"Na ni nani?"

Alitikisa kichwa. Alitikisa tena, kwa nguvu zaidi, kama mtoto anayekataa dawa. Melkiadi hakumshurutisha. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaacha gari makusudi, akafuata nguzo kwa miguu, akipita upande wa mashamba ya migomba.

Pasikali alikuwa juu ya nguzo ya pili kutoka kwenye mikaratusi, amefungwa mkanda, mgongo ameupa mji. Waya mmoja ulikuwa umefunguliwa, ukining'inia. Simu ndogo ya fundi ilikuwa sikioni.

"Koplo, unanichelewesha!" alikuwa anasema, na sauti haikuwa yake kabisa. Ilikuwa nzito, ya mtu mwenye tumbo na ofisi. "Ufunguo gani? Vunja mlango! Unataka nishushe cheo chako?"

"Shikamoo, mkubwa," Melkiadi akasema kutoka chini.

Pasikali alishusha simu sikioni. Kisha akageuza kichwa polepole, na lile tabasamu la vichekesho likawa limeshafika usoni.

"Afande! Napima laini tu. Hawa askari wa Kibondo hawajui hata kuchomeka..."

"Shuka. Simu usiitoe kwenye waya. Shuka nayo."

Akaiona bastola, akashuka. Waya wa simu ile ulikuwa mrefu, wa kufanyia kazi chini, ukafika mpaka majanini. Melkiadi akampapasa mifukoni, akatoa koleo na kisu, akamfunga pingu mkono mmoja.

"Kwa nini yeye?"

Pasikali akainua mabega. Sasa alionekana amechoka tu. "Ilibidi simu itoke Kibondo. Na Kibondo mwenye kushika simu ni yeye peke yake. Ningemtaja nani mwingine? Mkimbizi akiondoka, hana ukoo wa kuja kuuliza."

"Ana wewe."

Pasikali akaitazama ile pingu.

Melkiadi akaokota ile simu, akaiweka katikati yao, masikio yao mawili yakaribiane. "Mwambie Koplo jina lako. Kwa sauti yako."

"Afande, tafadhali..."

"Jina!"

"Ni mimi. Pasikali."

Upande wa pili sauti ikaja, safi, ya karibu, ila haikuwa ya Abdalah.

"Nimekujua tangu neno la kwanza," alisema Ndihokubwayo. "Watoto wamekula?"

Pasikali akamtazama Sajini, kama anayeomba ruhusa. Sajini hakumpa wala hakumnyima. Upepo ulitikisa ule waya uliofunguliwa juu ya vichwa vyao.

"Pasikali. Nakuuliza. Wanangu wamekula leo?"

"Wamekula," Pasikali akasema, akakaa chini kwenye majani makavu. "Niliwaachia ugali. Ule wa njano."